Jiwe Lililorukwa Haddenby

Haya yalimpata Hilary Tunnicliffe, jirani yetu, siku ya soko, mwezi wa tano, jua likiwaka vizuri. Hilary alikuwa akifanya kazi ofisi ya kupokea wageni ya mji wa Haddenby. Asubuhi hiyo alimkaangia bintiye Bryony mayai, akamsuka nywele, wakaenda kwenye msalaba wa mawe wa sokoni, ambako watu walikusanyika kwa matembezi ya mpaka.

Kila mwaka, tangu enzi ambazo mji haukuwa na ramani, kasisi huwaongoza watu kuuzunguka mpaka, wakichapa kila jiwe kwa fimbo. Penye kila jiwe mtoto mmoja hugeuzwa miguu juu na kugongeshwa kichwa hapo kidogo, ili mpaka usimtoke akilini hadi uzeeni. Zamani watoto walilia. Siku hizi wageni hupiga picha.

Mawe ni tisa. Mwaka huu, kwenye kipeperushi cha matembezi, Hilary aliandika manane. La saba liko nyuma ya magofu ya kiwanda cha ngozi, njia ni tope tupu, na mwaka uliopita wageni walilalamika. Mzee Pargeter, mtunza kanisa, alikisoma kipeperushi mara mbili. Akamkumbusha kwamba wakati wa tauni wagonjwa walitolewa mjini kupitia pale, jiwe likasimikwa nyuma yao. Hakurudi hata mmoja.

"Mzee, wageni hawa wakipanda mnara wa kanisa wanapumzika mara tatu," Hilary alimjibu. "Nikiwapitisha kwenye tope watanidai viatu vipya."

"Cheka tu, mama. Lile hatulichapi kwa ajili yetu. Tunawajulisha wao kwamba bado tunakumbuka mpaka wao unaishia wapi."

Wakaliruka. Kutoka jiwe la sita walikata kwa barabara ya lami kwenda la nane. Katikati ya barabara Hilary akasikia fimbo zikichapa. Hazikuwa zao, zao zilikuwa mabegani. Sauti ilitoka kwenye magofu, polepole, kwa pamoja, kama ya watu wengi. Wageni walitabasamu wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Hilary akageuka amshike Bryony mkono. Bryony hakuwepo.

Alikimbia. Tope likamvua kiatu. Akakiacha. Fimbo zikanyamaza. Ndege nao.

Bryony alikuwa amesimama kwenye jiwe, upande wa nje wa mpaka. Nywele zimefumuka. Kichwani ana kuvu ya kijani ya jiwe. Kwenye tope lote lile hapakuwa na nyayo, hata za mtoto.

"Nani kakuleta huku?" Hilary alinong'ona.

"Wamenigeuza, mama. Taratibu tu." Bryony aliutazama mji kama anayeuona mara ya kwanza. "Wamesema nikumbuke. Mpaka wao sasa unafika kwetu."

Mchana uleule kasisi na Mzee Pargeter walikwenda kulichapa jiwe lile hadi fimbo zikavunjika.

Jioni, akimwogesha mwanawe, Hilary aliona alama za vidole kwenye vifundo vya miguu. Za kijivu. Baridi. Daktari alisema ni michubuko, wiki moja itatosha.

Huu ni mwezi wa kumi na moja. Alama zimepanda hadi magotini. Zilikuwa za mikono miwili. Sasa ni za mikono minne.