Fundi Rangi na Nyota ya Kuazima

Nyumba ya Mama Pindo haikuhitaji jogoo. Kabla jua halijachomoza, cherehani ilikuwa imeshaanza kugonga, na redio inaitikia. Mama Pindo alikuwa fundi nguo. Watu walimpa jina hilo kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka, labda uikate nguo yenyewe. Mumewe alikuwa mchora mabango. Huyo aliitwa Fundi Rangi, na ukizitazama kucha zake hukuhitaji kuuliza kwa nini.

Siku hizo nchi nzima ilikuwa inachemka. Bei zilipanda, wafanyakazi waligoma, vijana waliandamana. Juu ya hayo yote, bungeni kulikuwa na muswada wa kuhalalisha bangi. Sokoni, kazini, kwenye foleni ya maji, watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Waliotaka bangi iruhusiwe walikuja asubuhi kuchorewa mabango. Waliotaka ipigwe marufuku walikuja jioni. Fundi Rangi aliwachorea wote, na mabango yao yakakauka pamoja ukutani bila kugombana.

"Hivi wewe uko upande gani?" mkewe alimuuliza.

"Upande wa brashi," alisema Fundi Rangi, akacheka mwenyewe.

Alikuwa mtu wa furaha. Alikuwa pia mtu mwenye kifafa, tangu ujana wake. Lakini alimeza vidonge vyake kila asubuhi na kila jioni, na ugonjwa ulikuwa umenyamaza kwa miaka mingi. Kwa ruhusa ya daktari alipanda ngazi, akachora juu ya milango ya maduka, akashuka anapiga mluzi. Wateja wengi hawakujua kabisa kwamba anaumwa.

Kila asubuhi redio ilimleta mnajimu. Mama Pindo hakumpenda, ila sauti yake alikiri kuwa ni tamu.

"Sayari kubwa zinahama!" mnajimu alinguruma. "Nchi itageuka chini juu! Waliokaa watasimama, waliosimama watakaa! Wewe wa nyota ya Mizani, mwaka huu ni wako. Kila kinachokufunga, kifungue! Cha zamani kitupe, kipya kinakuja!"

"Mizani ni mimi huyo," Fundi Rangi alisema, na macho yakamng'aa. "Umesikia, mke wangu? Mwaka wangu."

"Nimesikia. Na mwaka wako uanze kwa kuosha brashi zilizo kwenye beseni langu la kufulia."

Jirani yao Kinyozi, ambaye duka lake lilitazamana na mlango wao, alicheka mpaka akashika ukuta. Kinyozi alikuwa mtu mwema, lakini habari ikipita masikioni mwake ilitoka mdomoni imenenepa. "Cheka, shemeji, lakini nyota hazidanganyi," alisema. "Zimesema mambo yatapinduka, na si unaona yanavyopinduka? Hata hiyo bangi, wanasema inatibu kifafa. Sheria ikipita tu, vidonge basi!"

Mama Pindo aliyachukulia kuwa maneno ya Kinyozi. Hakuona jinsi mumewe alivyolitazama kopo lake la vidonge.

Siku ya kikao cha wananchi ikafika. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mkubwa wa mtaa, ili watu watoe maoni yao kuhusu muswada. Fundi Rangi alitoka mapema na ngazi begani. Alikuwa amepewa kazi ya kutundika bango kubwa la kitambaa juu ya mlango wa ukumbi. Macho yake yalikuwa mekundu, maana usingizi ulikuwa unampotea siku hizo, lakini aliondoka akiimba.

Mama Pindo alibaki akitafuta vifungo. Akalivuta kopo la maziwa ambamo mumewe aliweka vidonge, ili aone nyuma yake. Mkono wake ukasimama. Kopo lilikuwa zito. Mwisho wa mwezi lilitakiwa liwe karibu tupu, maana siku ile ndiyo alitakiwa kwenda zahanati kuchukua vingine. Akalitikisa. Lilijaa.

"Mungu wangu," alisema. "Ameacha dawa. Na yuko juu ya ngazi!"

Hakuvaa hata viatu. Alitoka mbio na futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alimpita Kinyozi, ambaye alikuwa ameshanyoa nusu ya kichwa cha mteja.

"Shemeji, kuna nini?"

"Ngazi!" alipiga kelele Mama Pindo. Kinyozi hakuelewa kitu, lakini akafuata, na mteja wa nusu kichwa akafuata pia.

Nje ya ukumbi watu walijaa tele. Upande huu waliimba "Ruhusu!" Upande ule waliimba "Kataa!" Mama Pindo aliwapasua katikati kwa viwiko. Mumewe alikuwa juu kabisa, mkono mmoja kwenye kamba ya bango.

"Shuka!" alipaza sauti. "Baba, shuka!"

"Nimalizie fundo hili!"

"Shuka sasa hivi, nakuomba!"

Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Fundi Rangi hakubishana. Akaanza kushuka, hatua kwa hatua. Alipofika chini, mguu mmoja ukiwa tayari ardhini, uso wake ulibadilika. Macho yakakaza mahali pasipo na kitu. Mwili ukakakamaa. Mama Pindo alimdaka kwapani, wakaenda chini wote wawili, juu ya rundo la mabango yaliyokuwa yanasubiri kubebwa. Degedege likaanza kumtikisa.

Nyimbo zilikatika. Kisha kila mtu akawa daktari.

"Leteni kijiko! Mtieni mdomoni asijing'ate!" alisema Kinyozi, na mtu akampa kijiko.

"Mshikeni miguu!"

"Mnaona? Hiyo ndiyo kazi ya bangi!" alisema mmoja wa upande wa kukataa.

"Bangi gani! Angekuwa nayo angepona!" alijibu mmoja wa upande wa kuruhusu.

"Ni nyota hizo," alisema mzee mmoja. "Zilisema watu wataanguka."

"Nyamazeni wote, mnipishe!"

Huyo alikuwa Nesi, jirani wa ukuta mmoja na Mama Pindo. Alifanya kazi zahanati, na alikuwa amekuja kikaoni kutoa maoni yake. Akapiga magoti. "Kijiko hicho kaa nacho, Kinyozi. Mtu wa kifafa hatiwi kitu chochote mdomoni. Utamvunja meno au utamziba pumzi. Na miguu iachieni, msimshikilie. Ondoeni ngazi hiyo isimgonge. Mama Pindo, weka kitu laini chini ya kichwa chake. Mlegezee shingo ya shati."

Mama Pindo alivuta bango la kwanza lililomjia mkononi, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mumewe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Nesi aliangalia saa yake.

"Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, tunamkimbiza hospitali hapo hapo," alisema. "Tusubiri naye."

Kutikisika kukapungua, kukaisha. "Sasa tumgeuze ubavu," alisema Nesi, "ili mate yatoke na apumue vizuri. Msimpe maji mpaka azinduke kabisa."

Mama Pindo aliinama sikioni mwa mumewe. "Uko salama," alimwambia. "Uko na watu. Uko salama." Aliyarudia maneno hayo mpaka macho ya Fundi Rangi yakamtambua, na hapo ndipo alipoangua kilio mbele ya mtaa mzima. Wala hakuona haya.

Walimpeleka zahanati. Daktari alimpima, akamrudishia dawa na kumpangia namna ya kuanza tena. Ngazi alimkataza mpaka atakapomruhusu yeye. Alasiri ile Fundi Rangi alikuwa amekaa kwake, amechoka, ulimi unamuuma. Mkewe, mama yake mzazi, Nesi na Kinyozi walimzunguka. Kinyozi bado alikuwa na kijiko mfukoni.

"Sasa sema," alianza Mama Pindo. "Ulikuwa na akili gani?"

Fundi Rangi alitazama kucha zake. "Mnajimu alisema nifungue kinachonifunga. Nikajiuliza, ni nini kinanifunga mimi asubuhi na jioni? Nikaona ni vidonge. Tena bangi inakaribia kuruhusiwa, na inatibu. Nikasema nipumzike kidogo nikiisubiri. Ni nyota yangu, Mizani."

Mama yake mzazi aliinua kichwa. "Mizani ndiyo nini?"

"Nyota, mama. Inaendana na siku ya kuzaliwa. Si iko kwenye kitambulisho?"

Bibi yule alianza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwanangu, siku ile nani anaijua? Wewe ulizaliwa wakati wa mvua kubwa, paa likivuja, hata kalenda hatuna. Nilipokupeleka kuandikishwa shule, karani aliniuliza tarehe. Nikamwambia sijui. Akasema, 'Basi nitampa ya mwanangu, ni rahisi kukumbuka.' Akaandika. Nyota hiyo ni ya mtoto wa karani!"

Kinyozi alipiga paja. "Eh jamani! Mtu ameazima nyota!"

Hata Fundi Rangi alicheka, ingawa ulimi ulimuuma. Nesi alingoja kicheko kipoe.

"Sikilizeni," alisema. "Hata tarehe ingekuwa yako, shemeji, nyota haijui kilichomo kichwani mwako. Mnajimu husema maneno mapana, kila mtu ajione humo. Nani hana kitu kinachomfunga? Na nchi ikichafuka, watu wana wasiwasi, hutaka mtu wa kuwaambia kesho kutakuwaje. Hapo mnajimu hushiba."

"Lakini bangi je?" aliuliza Kinyozi. "Hiyo si nyota. Watu wenye akili zao wanasema."

"Swali zuri. Ipo dawa moja iliyotolewa kwenye mmea ule. Imechujwa, imepimwa, na madaktari huitumia kwa aina chache za kifafa, mara nyingi pamoja na dawa nyingine. Hiyo siyo bangi ya kuvuta, na si kitu cha kujipimia nyumbani."

"Kwa hiyo muswada ukipita?"

"Kwanza, muswada si sheria. Bado unajadiliwa, na unaweza kukataliwa. Pili, hata ukipita, ruhusa ya sheria haimaanishi kwamba kitu ni dawa yako. Pombe si inauzwa? Inatibu nini? Jadilini kama ni haki mtu kufungwa kwa bangi, au vijana watalindwaje. Hayo ni mambo ya wananchi, nami nina maoni yangu. Ila kidonge cha mgonjwa hakipigiwi kura."

"Na kuacha ghafla?" aliuliza Mama Pindo kwa sauti ndogo.

"Usiombe. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa nguvu, na unaweza kuua. Ukitaka kubadilisha au kupunguza, mwone daktari. Atakupangia polepole."

Fundi Rangi aliinuka taratibu. Akachukua kopo la vidonge, akamkabidhi mkewe. "Niwekee hili karibu na cherehani yako," alisema. "Uniangalie nikimeza. Nimekutia hofu, mke wangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Mama Pindo. "Lakini ukirudia, nitakushonea mdomo huo kwa pindo lisilofumuka."

Maisha yakarudi. Fundi Rangi sasa alichora chini, kitambaa kimetandazwa sakafuni, na wenye miguu myepesi walipanda kutundika. Redio ilibaki, ila mnajimu alipoanza kunguruma, bibi alikuwa wa kwanza kuita kwa mzaha, eti mtoto wa karani aje asikilize nyota yake. Kwenye ukuta wa duka la Kinyozi, Fundi Rangi alichora bango ambalo hakuna aliyemtuma. Alichora mtu amelala ubavu, na herufi kubwa: USIMTIE KITU MDOMONI. USIMSHIKILIE. LINDA KICHWA. MGEUZE UBAVU. KAA NAYE. ZIKIPITA DAKIKA TANO, HOSPITALI. Wateja walilisoma wakinyolewa, wakalijua kwa moyo.

Kikao cha pili kikaitishwa. Safari hii ukumbi ulifurika. Fundi Rangi alikuwa ameomba kusema, na alikuwa amesimama mbele, karatasi mkononi, ndipo msichana mmoja katika safu ya wanafunzi akapiga yowe na kuanguka.

"Ondoeni viti!" Kinyozi alinguruma kutoka nyuma, kwa sauti ya kumshinda mnajimu. "Asimguse mtu mdomo! Wekeni kitu laini!" Na watu wa Ruhusu na watu wa Kataa wakabeba viti pamoja, haraka haraka, bila kubishana. Nesi alishatoa saa yake.

Fundi Rangi alikuwa ameshafika. Alipiga magoti, akaweka koti lake chini ya kichwa cha msichana. Mama Pindo alimwona akimtazama yule mtoto anavyotikisika, na akaelewa. Mumewe hakuwahi kuona kifafa. Maisha yake yote alikuwa ndani yake, macho hayaoni. Leo ndiyo alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza, na machozi yalimtiririka.

Msichana alipotulia, walimgeuza ubavu. Taratibu akafumbua macho. Alitazama sura zote zile zilizomwinamia, akaanza kujifunika uso kwa aibu.

Fundi Rangi akauondoa mkono wa msichana usoni, polepole.

"Uko salama," alimwambia. "Uko na watu. Hata mimi ninacho, mwanangu. Uko salama."