Mwombaji Asiyeshiba

Kwanza ilikuwa harufu tu. Maziwa yaliyochacha, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mchanga, akadhani ni nepi, akafua kila kitambaa mle ndani, na harufu ikabaki palepale, kwenye meza ya kompyuta.

Alifanyia kazi nyumbani, mtoto mapajani. Alisimamia ghala la programu mtandaoni, ghala la umma, ambako yeyote anaomba kipande cha programu anachotaka na kupewa. Ila kwa kikomo. Asiyejitambulisha hupewa maombi machache kwa saa, aliyejisajili huongezewa, anayelipia huongezewa zaidi. Juu ya wote kuna daraja la mashine za ofisini zenyewe, ambazo hazihesabiwi wala hazizuiwi.

Sasa kulikuwa na mwombaji mmoja asiye na jina. Akifika kikomo anazuiwa, kengele inalia, mtoto anashtuka. Akifunguliwa, anaomba tena. Mchana kutwa! Hadi mama akachoka, maana mtoto ndiyo kwanza alikuwa amesinzia, na kwa hasira akampandisha huyo asiyemjua hadi daraja la mashine za ofisini.

"Haya, chukua! Chukua mpaka upasuke!"

Kengele ikanyamaza. Papo hapo akahisi midomo ya baridi imeshika titi lake la kushoto, na mtoto alikuwa upande wa kulia.

Akafunua blauzi. Hapakuwa na kitu, ila ute wa kijivu, mzito kama makamasi, unachuruzika hadi kiunoni.

Tangu hapo maziwa yakakata. Mtoto akilinyonya titi analitema, analia bila sauti, mbavu zikaanza kuonekana. Wifi yake alipokuja kuwajulia hali, alishika pua mlangoni.

"Wifi, humu kumekufa panya au umeacha kuoga?"

"Sema polepole. Linasikia."

"Nini kinasikia?"

Mama akaelekeza kidole kwenye meza. Nyuma ya kompyuta kulikuwa na sauti ya kunyonya, chwe, chwe, chwe, kama ndama.

Mama akampigia mwenzake wa kazini, akamweleza kwa kunong'ona.

"Umempandisha mtu usiyemjua? Anashusha programu gani?"

"Hata moja. Ombi lake ni tupu. Anaomba tu, na sisi tunampa."

"Mteremshe, dada. Sasa hivi."

"Akikasirika je?"

"We!" wifi akamkatiza. "Mtoto wa kaka yangu anakwisha hapa, wewe unaogopa kumuudhi shetani?"

Mama akamteremsha, akamwekea kikomo cha sifuri, na kabla hajatoa mkono kwenye kibodi meza ikatikisika, ile sauti ya kunyonya ikageuka kukoroma, kukoroma kukawa kutapika, na chini ya meza yakamwagika maziwa mabovu yenye mabonge na nywele ndefu, yakapita kati ya vidole vyao vya miguu yakiwa na joto la mwili, yanatoka tu, yanatoka, hadi wifi naye akatapika juu ya maziwa hayo akishikilia ukuta.

Kisha kimya. Harufu ikapotea kabisa. Maziwa yakamjaa mama kifuani hadi yakamuuma, na mtoto akalidaka titi, akanyonya.

"Ona anavyofakamia!" wifi akacheka huku akijifuta machozi. "Kula, baba, kula, shangazi yupo."

Akanyonya. Akaendelea. Uso wa mama ukapauka, midomo ikamkauka.

"Inatosha, baba. Wifi, nitolee, haachii."

Wifi akapenyeza kidole pembeni ya kinywa, kama watoto wanavyoachishwa, akakichomoa akipiga kelele. Kilikuwa kinavuja damu, kina ute wa kijivu, na alama za meno zimekizunguka pande zote. Mtoto mwenyewe alikuwa hajaota hata jino.

Akamtazama mama yake bila kupepesa, akageuza shingo taratibu, akalishika titi la pili.