Mkalimani Ndani ya Kompyuta

Kila Jumapili, baada ya ibada na chakula cha mchana, Rra Wame, yaani Baba Wame kwa Kitswana, aliketi mbele ya kompyuta yake mjini Mahalapye, Botswana. Alivaa hedifoni, akashika usukani wa plastiki, akaendesha lori. Lori hilo halikuwepo. Barabara haikuwepo. Mzigo wa mbao haukuwepo pia. Nyuma yake, katika lori jingine ambalo nalo halikuwepo, alifuata binti yake Wame, muuguzi katika hospitali moja ya Uingereza. Wame alikuwepo, na hilo ndilo lililomfanya baba yake aendeshe.

Mkewe, Mma Wame, aliutazama mchezo huo bila heshima.

"Mtu mzima," alisema, "ana pikapu uani yenye tairi bovu, naye anahangaikia breki za lori la kwenye kioo."

"Hili halinywi dizeli, Mma Wame."

"Wala halileti kuni."

Baba na binti hawakuwa watu wa kuzungumza wakitazamana. Zamani walizungumza ndani ya pikapu, kwenye njia ya kwenda kambi ya ng'ombe, macho yao yote yakiwa mbele. Huko ndiko Wame alikosema kwamba hataki kusomea sheria. Huko ndiko alikosema kwamba ameomba kazi ng'ambo. Alipoondoka, simu haikuweza kuchukua nafasi ya njia ile. Kwenye simu waliulizana kama kuna baridi, wakajibiana kwamba ipo, kisha kila mmoja akasikiliza mwenzake akipumua. Gemu ya malori iliwarudishia barabara.

Jumapili moja, mwisho wa safari, Wame alisema, "Baba, kuna jambo nataka kukuuliza."

"Uliza."

"Nimeshaegesha. Wiki ijayo, njiani."

Rra Wame alikubali. Kwa bahati mbaya, wiki hiyo hiyo ndiyo aliyoichagua kubadilisha mfumo wa kompyuta yake.

Hakuamua kwa pupa. Kompyuta ilikuwa imemwonya mara nyingi kwamba Windows yake ya zamani haipati tena marekebisho ya usalama. Windows mpya ilikataa kuingia, kwa kuwa mashine ilikuwa kuukuu. Muuzaji dukani alimshauri anunue nyingine. Rra Wame alikuwa amestaafu kazi ya ukalimani mahakamani, na kazi hiyo ilimfundisha kutoridhika na shahidi mmoja, hasa shahidi mwenye bidhaa mkononi. Akasoma. Akagundua kwamba upo mfumo mwingine uitwao Linux, usiouzwa, unaoweza kuhuisha mashine kuukuu. Akaupakua, akauweka kwenye flashi, akausakinisha mwenyewe. Barua zilifunguka. Picha zilifunguka. Akajipongeza kimoyomoyo.

Kisha akaitafuta gemu. Ilikuwa kwenye diski ya nje, na hakuwa ameigusa diski hiyo, kwa sababu kuipakua gemu kulikuwa kumemaliza mabando mengi. Alisakinisha kwenye Linux duka la gemu, yaani programu ya kununulia na kufungulia gemu, akalionyesha ilipo. Duka likaiona. Alipobonyeza kitufe cha kucheza, kiliandika kwamba gemu inaanza. Baada ya muda kikarudi kama kilivyokuwa. Ilikuwa kama shahidi aliyeitwa, akasimama, akaketi tena bila kusema neno.

Rra Wame alifanya alichozoea kufanya kwenye Windows. Aliingia mtandaoni, akaipakua programu ya kuendesha kadi ya picha, akailazimisha iingie. Maandishi yote kwenye skrini yakawa makubwa kama ya tangazo la mnada. Gemu haikuanza.

Jumapili ikafika. Alimpigia Wame simu.

"Lori limekataa," alisema.

"Limekataaje?"

"Linaitwa, haliji."

"Kwa hiyo leo hakuna safari."

"Leo kuna simu. Uliza jambo lako."

"Si muhimu sana, baba. Huko kuna joto?"

"Lipo."

Simu ilipokatika, Mma Wame, aliyekuwa akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, hakuinua uso.

"Huyo mtoto ana jambo."

"Najua."

"Basi tengeneza lori lako."

Ilikuwa mara ya kwanza kuliita lori bila kejeli. Rra Wame alielewa kwamba hali ni mbaya.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yake, Mma Keneilwe, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, ambaye uzio wake ulipakana na wake. Mwalimu alikuja jioni. Kabla ya kugusa chochote, aliuliza.

"Kabla hujabadilisha mfumo, ulichunguza nini, rra?"

"Kama ni salama. Kama ni bure. Kama utaikubali mashine kuukuu."

"Na gemu?"

"Nilidhani gemu ni gemu."

"Wengi hudhani hivyo. Ndiyo maana jioni zangu hazina nafasi." Aliketi. "Gemu hii iliandikwa kwa ajili ya Windows. Lugha ya Linux haijui. Zamani hadithi ingeishia hapo. Siku hizi duka la gemu huleta na mkalimani."

Rra Wame alisogeza kiti chake karibu.

"Mkalimani wa namna gani?"

"Ni programu inayokaa katikati. Gemu inaagiza kwa lugha yake: fungua faili hili, chora lori lile, toa mlio huu. Mkalimani anageuza agizo, Linux inatekeleza. Gemu haijui kwamba iko ugenini."

"Anageuza neno kwa neno, au maana?"

"Maana. Neno kwa neno pasingechorwa hata gurudumu moja."

"Hilo ni sahihi," alisema Rra Wame, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake. "Na mwendo je? Mimi nilikuwa narefusha kesi maradufu."

"Huyu ana kasi. Gemu nyingi hukimbia karibu sawa na kwao. Chache hukimbia zaidi. Nyingine huzorota, na mashine kuukuu haiwezi kuificha aibu hiyo."

"Na akikosea?"

"Hukosea. Mara sauti inakatika, mara herufi hazionekani. Ndiyo maana tunawauliza waliotangulia."

Alifungua ukurasa ambapo wachezaji wenyewe huandika jinsi kila gemu inavyokwenda kwenye Linux. Rra Wame alisoma maelezo yote, moja baada ya jingine. Mmoja alisema gemu ya malori inakwenda bila tatizo lolote. Wa pili alisema inakwenda, ila usukani lazima uchaguliwe kwenye mipangilio. Wa tatu alisema haiendi kabisa.

"Wa tatu anapingana na wenzake," alisema Rra Wame.

"Tazama tarehe yake."

Ilikuwa ya miaka mingi nyuma.

"Ushahidi uliochakaa," alisema.

"Mkalimani hurekebishwa kila mara. Soma maelezo ya karibuni, na utafute mtu mwenye kadi ya picha kama yako. Ungeusoma ukurasa huu kabla ya kufuta Windows, ungekuwa umelala usingizi. Tena Linux nyingi hujaribiwa kwenye flashi bila kufuta kitu. Unaiwasha, unaangalia kama sauti, skrini na mtandao vinaitika, ndipo unaamua."

"Basi mkalimani yupo, na mashahidi wa karibuni wanakubaliana. Kwa nini kwangu haiendi?"

"Gemu iko wapi?"

Alimwonyesha diski ya nje. Mma Keneilwe aliikagua, akatikisa kichwa polepole.

"Diski hii ilipangwa kwa mtindo wa Windows. Linux inaweza kuisoma, hata kuandika humo. Lakini mkalimani anahitaji folda yake ya kazi. Humo huweka vitu ambavyo mpangilio wa diski hii hauvibebi sawasawa, kama vile majina yenye alama fulani, na ruhusa za nani aendeshe faili lipi. Anafika, hana pa kuketi, anaondoka."

Rra Wame alikumbuka mahakama moja ambako alisimamishwa mlangoni siku nzima, akisikia nusu ya kila neno.

"Nimewahi kufanya kazi hivyo," alisema. "Mimi pia niliondoka."

"Basi tumpe kiti."

"Nipakue gemu upya? Bando langu limebaki la kutuma salamu."

"Hapana. Diski ya ndani imepangwa kwa mtindo wa Linux, na ina nafasi ya gemu moja."

"Ninayo moja tu."

"Tutainakili folda ya gemu hadi mahali duka linapoweka gemu zake kwenye diski ya ndani. Kisha tutaliambia duka lisakinishe. Litakagua kilichopo, na litapakua kinachopungua tu." Aliitazama skrini tena. "Lakini kwanza, haya maandishi ya kutangazia mnada yametoka wapi?"

Rra Wame alieleza habari za programu aliyoipata mtandaoni.

"Kwenye Linux usiokote programu ya kadi ya picha barabarani," alisema Mma Keneilwe. "Ichukue kwenye orodha ya mfumo wenyewe. Hiyo imejaribiwa pamoja na mfumo, na hurekebishwa pamoja nao."

Aliiondoa ile ya kuokota, akaweka iliyo kwenye orodha, akaiwasha mashine upya. Maandishi yakarudi kwenye ukubwa wa kawaida. Wakaanza kunakili.

Mma Wame alileta chai na mandazi. Alisimama nyuma yao, akauangalia mstari wa kunakili ukisogea.

"Mdogo wangu Pako naye anataka awekewe hiyo Linux," alisema.

"Pako anacheza gemu gani?"

"Ile ya kupigana risasi na watu wasiojulikana, mtandaoni."

"Basi Pako asubiri. Gemu nyingi za mashindano zina mlinzi wa kukamata wanaodanganya. Walinzi wengine humruhusu mkalimani. Wengine humfukuza mlangoni, kwa sababu wenye gemu wameamua hivyo. Hapo fundi hana la kufanya. Na anayeruhusiwa leo anaweza kukataliwa kesho."

"Mahakama isiyotaka mkalimani," alisema Rra Wame.

"Kabisa. Pako akibadilisha mfumo bila kuchunguza, gemu yake ataiaga."

"Mbadilishie tu, mma," alisema Mma Wame. "Akikosa gemu labda atatafuta mke."

"Hiyo si kazi ya Linux," alisema mwalimu, akachukua andazi.

Kunakili kulipokwisha, duka lilikagua mafaili, likapakua kiasi kidogo, likanyamaza. Rra Wame alibonyeza kitufe. Kikaandika kwamba gemu inaanza. Pakawa kimya kirefu.

"Amekwama," alisema Rra Wame.

"Anajiandaa. Mara ya kwanza huchelewa."

Mngurumo wa injini ulitoka kwenye hedifoni zilizokuwa mezani. Lori lilikuwa pale pale alipoliegesha, na mzigo wake wa mbao, kwa sababu kumbukumbu za safari zilihifadhiwa na duka mtandaoni, si kwenye mashine. Usukani haukuitika. Rra Wame hakumwita mtu. Alifungua mipangilio, akauchagua kama shahidi wa pili alivyosema, akazungusha. Magurudumu yakageuka.

Alikaa akiyageuza kushoto na kulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unatafuta nini?" aliuliza Mma Keneilwe.

"Namsikiliza mkalimani. Simsikii."

"Akifanya kazi vizuri hasikiki."

"Hata mimi niliambiwa hivyo siku niliyostaafu," alisema Rra Wame. "Sikujua kama ni sifa."

Jumapili iliyofuata malori mawili yaliondoka pamoja. Wame alifuata nyuma. Walipita mji, wakapita daraja. Walizungumzia tairi la pikapu, kisha mvua. Barabara ilipanda mlima.

"Baba."

"Naam."

"Nikirudi nyumbani kabla mkataba haujaisha, utasema nini?"

Rra Wame alibadilisha gia.

"Nimechoka," alisema Wame. "Na wewe umeitangazia kata nzima kwamba niko huku."

Kwa maisha yake yote ya kazi Rra Wame alikuwa amesema maneno ya watu wengine. Alisubiri, kwa mazoea, mtu atamke sentensi ili aigeuze. Hakuna aliyetamka.

"Mbele kuna mteremko," alisema. "Punguza mwendo."

"Nimepunguza."

"Chumba chako nimekijaza magunia ya mtama."

Kwenye hedifoni zilinguruma injini mbili.

"Nitayatoa," alisema Rra Wame.

Waliteremka mlima wote. Chini kabisa, Wame alisema kwa sauti iliyokuwa imelegea, "Baba, taa yako ya nyuma haiwaki."

"Nitaitazama tukifika."

Walifika. Aliegesha, akamuaga, akavua hedifoni. Ndipo aliposikia kitu kikiburutwa kwenye ukumbi. Alitoka. Mma Wame, aliyekuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, alikuwa ameshalifikisha gunia la kwanza nusu ya njia.

"Usinitazame," alisema. "Shika upande huo. Na upinde magoti, Rra Wame. Mzigo huu upo."