Sala Iliyopandishwa kwenye Spika

Kila siku akirudi shuleni, Winfrida huvua sare, hufunga kanga kiunoni na kwenda kugeuza dagaa wa mama yake kandokando ya barabara ya vumbi, pale Ujiji. Zamani wanawake wa mtaa huo walianika kwenye mchanga safi wa mwaloni, ufukoni boti za uvuvi zinapotia nanga. Siku hizi mchanga umezungushiwa mabati, na nyuma ya mabati kuna boti na injini za Bwana Castory, mwenyekiti wa mwalo, aliyejigawia ufuko mzima kana kwamba aliurithi kwa babu yake. Bodaboda ikipita, vumbi linatua juu ya dagaa, na wanunuzi kutoka Kigoma mjini wanakunja pua.

Mama yake, Verediana, alilalamika mara nyingi pamoja na jirani yao, Bi Hidaya. Mmoja huenda kanisani Jumapili na mwingine msikitini Ijumaa, lakini dagaa wao huanikwa pamoja, na mmoja akiugua mwenzake humwanulia. Kila walipomwendea Castory aliwaambia, "Tutalijadili kikaoni." Kikao chenyewe hakikuitishwa hata siku moja. Mwaka huu wa uchaguzi Bi Hidaya alichoka kusubiri, akagombea udiwani. Castory naye akagombea.

Oktoba ni mwezi wa rozari. Katika jumuiya yao ya Kikatoliki sanamu ya Bikira Maria hutembezwa nyumba hadi nyumba. Hulala kwa familia moja, kisha jioni inayofuata hubebwa kwa nyimbo hadi kwa familia nyingine. Jioni sanamu ilipofika kwa kina Winfrida, watoto ndio waliopangiwa kuongoza maombi, na Winfrida alichaguliwa kusoma nia, yale maombi ambayo wote huyaitikia.

Kabla watu hawajaketi, Castory alimwita pembeni. Yeye ndiye baba yake wa ubatizo.

"Tumsifu Yesu Kristu, mwanangu."

"Milele amina. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia unasoma nia leo. Niwekee na yangu. Sema: tumwombee ndugu yetu Castory, mtoto wa Kanisa, ashinde udiwani, ili mtaa wetu uongozwe na mtu wa imani yetu."

Winfrida akasita. "Nimwulize mama kwanza?"

"Mama yako anapokea wageni. Mtoto anamwombea baba yake, ruhusa ya nini tena?"

Mtu mzima mwenye akili zake, anamtuma mtoto kazi anayoogopa kuifanya mwenyewe! Winfrida alifundishwa kwamba baba wa ubatizo hakataliwi, basi zamu yake ilipofika akasoma vilevile alivyoambiwa. Watu wote chumbani, macho yamefumbwa, wakajibu kwa pamoja, "Twakuomba utusikie." Verediana naye aliitikia. Alikuwa amesimama juani tangu alfajiri, na jioni hiyo walishawaombea wagonjwa, marehemu na wasafiri wa ziwani. Mdomo ulikwenda wenyewe. Hakuna aliyeiona simu ya Castory dirishani, ikirekodi.

Asubuhi Winfrida alikuwa njiani kwenda shule na Zaituni, binti wa Bi Hidaya, gari la matangazo lilipowapita. Juu yake palifungwa spika mbili kubwa. Kwanza ilisikika sauti ya mtoto ikimwombea Castory ashinde, kisha watu wengi wakiitikia. Halafu mtangazaji akapaza sauti: "Mmesikia wenyewe! Jumuiya imeshaamua! Mkatoliki, kura yako kwa Mkatoliki mwenzako!"

Zaituni alisimama. "Hiyo sauti ni yako."

"Zai, mimi niliambiwa tu nisome..."

"Kwa hiyo mama yangu hafai kuongoza kwa sababu anaswali? Jana jioni wingu lilipotanda, nani aliwaanulia dagaa wenu? Ninyi mlikuwa ndani mnapamba meza ya kusali!"

Hakungoja jibu. Alivuka barabara akaenda shuleni peke yake.

Mchana Winfrida alirudi nyumbani akilia. Pale barabarani alikuta dagaa wa mama yake peke yao. Bi Hidaya alikuwa amehamisha wake hadi upande wa pili. Verediana alishaisikia rekodi, maana gari lilipita pale mara tatu, na uso wake ulikuwa umewiva kwa hasira.

"Nani alikuambia usome vile?"

"Baba wa ubatizo. Alisema sihitaji ruhusa yako."

"Huhitaji ruhusa yangu!" Verediana alitupa reki chini. "Anachukua ufuko wangu, sasa amechukua na sala yangu! Na mimi nikaitikia, Winfrida. Mdomo wangu mwenyewe!"

Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kwa katekista Adolf. Huko waliwakuta wanajumuiya wengine, wote wamefura. Tena jioni hiyo zamu ya kupokea sanamu ilikuwa ya Castory.

"Tusiipeleke," alisema mama mmoja. "Akaisubiri hadi Krismasi!"

"Itakwenda," Adolf akajibu. "Bikira Maria hagombei udiwani. Zamu ni ya nyumba ile, na nyumba ile ndiyo inayohitaji sala kuliko zote. Lakini leo tutazungumza kwanza."

Walikwenda wakiimba, ingawa nyimbo zilitoka kwa meno yaliyokazwa. Gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa uani. Castory aliwatokea akitabasamu, simu imeinuliwa tayari.

"Shusha simu," Verediana akasema.

Castory aliishusha. "Dada yangu, kulikoni? Unamtetea Mwislamu dhidi ya ndugu yako wa imani?"

"Imani yangu ndiyo inayonikataza kunyamaza! Amri ya saba inasema usiibe, na wewe umetuibia ufuko. Amri ya nane inasema usiseme uongo, na leo kutwa nzima gari lako limetusingizia kwamba tumeamua. Nionyeshe wapi imeandikwa kwamba Mkatoliki ameruhusiwa."

Watu waliguna. Mzee Martini, mvuvi aliyestaafu, alisogea mbele.

"Castory, mwaka ule wa dhoruba boti yako ndiyo iliyomtoa mwanangu ziwani. Sijasahau, na huenda kura yangu ikaja kwako kwa sababu hiyo. Lakini itakuja kwa jambo nililoliona kwa macho yangu. Kunitega nikiwa nasali, mzee mzima! Umenikera sana."

"Mimi ni baba wa mtoto huyu," Castory alijitetea. "Kuniombea ni kosa?"

"Ulisimama kwenye ubatizo wake ukaahidi kumlea katika ukweli," Adolf akasema, na sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha. "Kuombewa si kosa. Njoo uombewe hekima, haki na afya, hata kila siku. Wewe ulitaka sauti ya mtoto, ukaiuza barabarani. Futa rekodi hiyo mbele yetu. Na kesho gari hilihili lipite kulekule, liseme jumuiya haikumchagua mtu."

Castory aliangalia watu waliojaa uani. Tusidanganyane, hakutubu pale. Alichokiona ni wapiga kura wenye hasira, na uchaguzi uko mlangoni. Akafuta. Asubuhi gari likapita likitangaza kama alivyoagizwa, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ya jana, lakini lilisikika.

Siku hiyohiyo Verediana alimpeleka Winfrida kwa Bi Hidaya.

"Shikamoo, Bi Hidaya. Nimekuja kuomba radhi. Nilisoma maneno ambayo mimi mwenyewe sikuyapima."

"Marahaba. Nimekasirika, mwanangu, sitakuficha." Bi Hidaya alimtazama Verediana. "Na wewe umenikasirisha zaidi. Mtoto alitumwa. Wewe uliitikia nini?"

Verediana akainamisha kichwa. Bi Hidaya akamtupia ncha ya wavu wa kuanikia. "Haya, shika huko. Jua linakwenda." Walipofika wavu wa pili, Zaituni akamsogezea Winfrida reki.

Siku ya kupiga kura Verediana alitoka Misa ya asubuhi akaenda kupanga foleni. Winfrida alimsindikiza hadi karibu na kituo.

"Mama, utampa Bi Hidaya kwa kuwa ni rafiki yako?"

"Hapana. Urafiki nao ungenifumba macho, kama Castory alivyotaka kulitumia kanisa kunifumba. Nitampa kwa sababu amesimama na wanawake wa mwaloni tangu kabla hajaomba kura. Na akitufungia ufuko na yeye, atanisikia nikipiga kelele hivihivi."

Alitembea kidogo, akageuka. Hasira ilikuwa bado machoni pake, lakini haikuwa ya kumpiga mtu.

"Sadaka naitoa kanisani, mwanangu, na siulizi inarudi lini. Kura si sadaka. Kura nauliza: umefanya nini, na umemwonea nani? Mungu alinipa dhamiri ili niulize. Siku ukiniona naitoa kwa sababu tu mtu kavaa rozari, nishike kanga unirudishe nyumbani."