Kitambaa cha Zamu

"Nimesema leo. Sikusema kesho, wala sikusema mpaka upate gari la kubebea," alisema mama mwenye nyumba. Alikuwa amesimama katikati ya ua uliojaa tope, gauni amelipandisha hadi magotini, kidole kimeelekea chumba cha nyuma. "Hamisha vitu vyako, nimpe chumba mtu mwenye akili zake."

"Dada, nihamie wapi na hawa watoto?" aliuliza Mama Pacha. Alikuwa ameinama mlangoni akichota maji machafu kwa sufuria. Pacha wake, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kutembea, aliwaketisha juu ya meza ili wasilowe, na huko juu walikuwa wanagombania kijiko. "Mji mzima hauna chumba. Watu wa kiwanda cha mbao wamejaza kila nyumba."

"Hayo ungeyafikiria kabla hujaniloweshea saruji yangu."

Mlangoni mwa chumba cha mbele alisimama msichana mmoja, ufagio mkononi, hafagii. Watu walimwita Cherehani, kwa kuwa akianza kuongea hasimami mpaka uzi umwishie. Asubuhi hiyo hakuwa amesema neno tangu alipoamka.

Nyumba hiyo ya kupanga ilikuwa karibu kabisa na mto, kama nyumba nyingi za mji ule wa mafundi na vibarua. Mfereji wa maji ya kuogea na kufulia ulipita nyuma ya vyumba, ukatoboa ukuta na kumwaga mtoni. Lakini mto ulipojaa, maji yalirudi uani kwa njia ileile. Ndiyo maana kwenye tundu la ukuta paliwekwa ubao mzito wa kushushwa.

Wapangaji walishika zamu, kila chumba wiki yake. Mwenye zamu alifunga kitambaa chekundu kwenye komeo la mlango wake, na kabla ya kulala alikwenda kuutazama mto. Akiona umepanda, anashusha ubao. Jumamosi alimkabidhi kitambaa jirani anayefuata, mkono kwa mkono, na kama jirani ni mgeni alimweleza kazi yenyewe. Hakuna aliyekining'iniza mlangoni kwa mtu akaenda zake. Wengine wote walilala usingizi mnono kwa kumwamini mwenye kitambaa.

Sasa ilikuwa Jumapili. Mto ulikuwa umeanza kupanda tangu jana usiku, ubao haukushushwa, na alfajiri ukafurika. Maji yaliingia chumba cha Mama Pacha na stoo iliyo jirani yake, ambako mama mwenye nyumba aliweka mifuko ya saruji ya kujengea ukuta mpya. Saruji ikishalowa haina msamaha. Ilikuwa imeanza kuwa mawe ndani ya mifuko yake.

"Kitambaa nilikikuta kwenye komeo," alisema Mama Pacha. "Nilirudi jana jioni kutoka kwenye tanuru la matofali, mwili wote unauma, nikakikuta kinaning'inia. Sijamaliza hata wiki hapa, nikadhani kimepeperuka kutoka kwenye kamba ya mtu. Nikakifua, nikakianika, nikasema mwenyewe atakiulizia."

Mzee wa Kivuko, mpangaji aliyekata tiketi za kuvuka mto, alikohoa ili asicheke. "Amekifua," alisema. "Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kuona kitambaa kile kimefuliwa. Ndiyo maana asubuhi nimekiona kwenye kamba nisikitambue."

"Mzee, usinichekeshe, nina hasira." Mama mwenye nyumba aligeuka. "Mama Cherehani, zamu iliyopita ilikuwa ya kwenu. Kitambaa kilikabidhiwa au hakikukabidhiwa?"

Mama yake Cherehani alitoka stoo akiburuta mfuko wa saruji, miguuni amevaa buti zake za kiwandani.

"Kilikabidhiwa," alisema. "Nilimtuma huyu wangu, na niliporudi kazini nikamuuliza. Amempa mkononi na amemweleza kila kitu. Mwanangu ana maneno mengi, hilo kila mtu analijua, lakini mwongo si yeye. Kitambaa hakina miguu, Mama Pacha. Kama umesahau sema umesahau, watu tusonge mbele."

Cherehani alihisi masikio yanamuwaka moto. Jana alasiri wenzake walikuwa wanamwita barabarani waruke kamba. Alikuwa amekaa mlangoni kwa Mama Pacha na kitambaa chake, anasubiri, na Mama Pacha harudi. Basi akakifunga kwenye komeo na kukimbia. Alijiambia kuwa atakuja kumweleza baadaye, lakini baadaye ikaja na njaa, na kuoga, na usingizi. Mama yake alipomuuliza, alikuwa ameinamia beseni ananawa uso, akajibu bila hata kuinua kichwa: "Ndiyo, mama, nimempa na nimemweleza." Ilikuwa rahisi kama kutema maji.

Mama Pacha aliweka sufuria chini, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. "Mwanangu, hebu nikumbushe. Ulinipa wewe?"

"Mjibu," alisema mama yake.

Ua mzima ulikuwa unamtazama. Kichwa cha Cherehani kiliinama mara moja, kikainuka. Hata yeye mwenyewe alishtuka kukiona kimekubali.

"Basi," alisema Mama Pacha taratibu. Alijifuta paji la uso kwa nyuma ya mkono. "Basi itakuwa ni uchovu. Siku hizi nasahau mambo. Juzi nusura niwashe jiko nisahau sufuria. Mtanisamehe jamani."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa anavuta godoro lililolowa, akaliegemeza ukutani, akarudi kufuata nguo za watoto. Pacha mmoja alianza kulia pale mezani, na mwenzake akamfuata kwa kuwa ndiyo kawaida yao. Hakuna aliyewabeba. Mama Pacha alikuwa anafunga khanga kuwa furushi huku midomo yake ikijisemea: nilipewa saa ngapi, nilipewa wapi.

Kama angebisha, pengine Cherehani angeweza kukaa kimya. Kama angemwita mwongo, angepata hata cha kukasirikia. Lakini mtu mzima alikuwa anajipekua kichwani kutafuta jambo ambalo halikuwamo, na hilo Cherehani hakuliweza.

"Hukusahau, Mama Pacha," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Mama yake aliuachia mfuko wa saruji. "Rudia."

"Hakusahau. Sikumpa mkononi. Nilikifunga kwenye komeo nikaenda kuruka kamba. Sikumweleza kitu. Jana nilikudanganya, mama, na sasa hivi nimedanganya tena."

Mzee wa Kivuko aligeuka akatazama mto, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Na mimi nimesimama hapa," alisema mama, "mbele ya watu, nikamwambia mtu mzima kwamba anaficha kosa lake. Kwa neno lako." Hakupaza sauti, na kwa Cherehani ingekuwa afadhali angepaza.

"Kumbe," alisema mama mwenye nyumba. "Basi chumba kitakachohama ni cha mbele."

Cherehani alitazama chumba chao kikavu na pazia lake la maua. Mama yake alipandisha mikono ya shati.

"Ni haki yako kusema hivyo," alijibu. "Lakini nisikilize kwanza. Mama Pacha na watoto wanaingia chumba changu, sasa hivi. Mimi na huyu tunakwenda nyuma, tope tunatoa wenyewe. Saruji nitakutafutia nyingine, na ukuta nitakusaidia kuujenga. Ukiona sifai baada ya hapo, nifukuze, sitabisha."

Mama mwenye nyumba alimtazama, akatazama buti zake, akaguna. "Ukuta nauanza Jumamosi," alisema hatimaye. "Usichelewe."

"Mama Pacha, nilikuonea. Nisamehe," alisema mama. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe nisikilize, nasema mara moja tu. Kukimbilia kamba ni utoto, ningekugombeza yakaisha. Lakini uliposema 'nimefanya', sisi wote tuliacha kuangalia. Neno hilo watu wanalilalia. Usilitoe mdomoni kabla kazi haijaisha. Na likikuponyoka, lirudishe siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Mwombe msamaha, kisha uje ushike kitanda."

Cherehani alimwendea Mama Pacha, akapiga goti kwenye tope. "Nisamehe," alisema, na machozi yaliyokuwa yamebanwa tangu asubuhi yakamtoka. Mama Pacha alimwinua kwa kiwiko, akampa pacha mmoja ambebe. "Nimesikia, mwanangu. Mpeleke mwenzio pakavu."

Alimpeleka, akarudi akampeleka wa pili. Kisha alichota maji ya chumba cha nyuma mpaka sakafu ikaonekana, akakwangua tope kwa koleo. Yeye na mama yake waliingiza kitanda chao, mama akiwa mbele, yeye nyuma. Kwa kuwa kitanda kilikuwa kimeziba mlango, mama aliruka dirishani kwenda kuufunga mlango wa stoo uliokuwa unajigonga, akamwacha amalizie kusukuma.

"Kitanda kimeingia?" aliuliza kutoka nje.

Cherehani alifungua mdomo. Mguu mmoja ulikuwa bado umekwama kwenye kizingiti.

"Bado, mama," alijibu. Akaweka bega, akasukuma mpaka mguu ukapita, akakisogeza ukutani, akakitikisa kuona kama kimetulia.

"Kimeingia," alisema.