Délice na Wimbo wa Lubarika

Kila Jumamosi, wakimaliza kufua nguo na kuteka maji, watoto watunzi wa nyimbo wa Kilibula, mtaa mmoja wa mji wa Uvira, walikutana nyuma ya kanisa. Walikuwa na desturi yao. Mtunzi aliimba kwanza sauti tupu, bila maneno, kisha akasema ni mwimbaji gani aliyemfundisha. Hapo ndipo alipoimba wimbo mzima, na wenzake wakaukosoa.

Mwaka huo hamu ilikuwa kubwa. Mwalimu Consolée, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameahidi kwamba wimbo mmoja wa watoto ungeimbwa kwenye harusi ya mdogo wake, Gédéon. Délice alitaka uwe wake. Alikuwa na sauti nzuri na ulimi wa pilipili, ila wimbo hakuwa nao, na jambo hilo lilimnyima raha.

Zamu ikamfikia Ninahazwe, msichana mpole aliyekuja kuishi kwa shangazi yake akitoka kijiji cha Lubarika. Alifumba macho akaimba sauti yake tupu. Ilipanda polepole, kisha ikashuka ghafla. Délice aliusikia utamu wake, akaona wivu. Wenzake wakamuuliza Ninahazwe ni nani aliyemfundisha.

"Ni bibi yangu," alijibu. "Aliitunga mu shamba la mpunga, siku ile mama yangu..."

Délice hakumwacha amalize. "Siye tunafuata waimbaji wa Kinshasa, weye unafuata bibi wa mpunga? Hii iko sauti ya kufukuzia ndege. Rudi kwenu, ndege wanakungoja."

Watoto walicheka hadi machozi. Mmoja akapiga makofi kama anayefukuza ndege shambani, na wote wakamwiga. Ninahazwe aliondoka, wala Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Tusimfichie Délice aibu yake: alifurahi.

Kisha akafanya baya zaidi. Aliichukua sauti ileile, akaitilia maneno ya bibi harusi na vigelegele, akampelekea mwalimu. Alipoulizwa ameitoa wapi, alisema ameitunga peke yake. Mwalimu akamwamini na kumsifu.

Siku ya harusi Délice alisimama mbele ya wageni, kitenge kipya mwilini, akaimba. Ukoo wa bibi harusi, watu wa Lubarika, ukaacha kupiga makofi. Mama mmoja akajifunika uso akaanza kulia, na bibi harusi mwenyewe akainama. Délice akadhani amewagusa mioyo, akazidisha sauti.

Florentine, shangazi wa bibi harusi, akaja akamshika mkono.

"Nyamaza, mutoto. Hii ndiyo tuliimba siku ya kumuzika mama ya Ninahazwe. Unatuletea kilio mu harusi?"

Délice alitafuta uongo mwingine, asiupate. Akakiri mbele ya watu wote. Waliokuwa wakimshangilia sasa walimwita mwizi, na mama yake mzazi akatoka nje kwa aibu.

Kesho yake Mwalimu Consolée alimpeleka kwa Ninahazwe, aliyekuwa akimenya mihogo. Délice alipiga magoti akaomba msamaha. Ninahazwe hakuacha kumenya.

"Ulicheka wimbo wa mama yangu," alisema, "kisha ukachezesha watu na kifo chake. Nitakusamehe, lakini leo hapana."

Mwalimu hakumlazimisha. Alimwomba tu arudi kundini, naye akakubali. Jumamosi iliyofuata Ninahazwe aliimba wimbo mzima, maneno ya kumlilia mama yake na yote. Alipomaliza, mwalimu alimtaka Délice akosoe. Délice akalia.

"Sasa ndiyo umesikia," mwalimu alisema. "Kukosoa ni kumsikiliza mwenzako hadi mwisho, na kujifunza kwa mtu ni kumtaja jina. Ungalimwacha amalize neno moja tu, ungalijua kwamba ulikuwa unamcheka yatima."