Damu Ilisema, Nyumba Ikanyamaza

Jirani zangu, na hasa ninyi akina mama wenye wana waliooa, nitegeeni sikio. Ninachowasimulia hakikutokea mbali. Kilitokea katika nyumba tunayopakana nayo ukuta, na mimi muuza mkaa niliyaona mengi kwa macho yangu. Yaliyobaki aliyasema mama mkwe wa nyumba hiyo mwenyewe, siku alipoishiwa nguvu za kuyaficha.

Ilikuwa nyumba ya raha. Barazani alikaa fundi viatu, kijana mpole, misumari mdomoni na kiatu cha mtu magotini. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi mwisho wa mtaa, nasi tukamzoea kwa jina la Bi Pasi, maana hata kitambaa chake cha kichwani hakikuwahi kuonekana na kunyanzi. Kila asubuhi mumewe alimtania, "Mke wangu, leo usiunguze shati la mtu." Naye alimjibu, "Na wewe usimeze msumari, mimi bado nakuhitaji." Mama mkwe alikuwa akicheka huko ndani mpaka anakohoa. Bi Pasi alipopata mimba ya kwanza, sisi wa upande wa pili wa ukuta tulijua siku hiyo hiyo kwa vigelegele vya mama huyo.

Mama mkwe ndiye aliyempeleka kliniki. Mkunga akasema kwamba kwa wenye mimba ya kwanza wana kipimo cha damu. Damu ya mama hubeba alama fulani kutoka kwenye kondo la nyuma, na alama hizo huweza kuonyesha mapema nani yuko kwenye hatari ya kupata presha ya mimba, kabla hajaumwa chochote. Bi Pasi akatoa mkono, akatolewa damu. Waliporudi kuchukua majibu, mkunga aliwakalisha wote wawili.

"Hatari yako iko juu," alisema.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?"

"Hapana, mwanangu. Damu yako inatuambia tukuangalie kwa karibu. Utameza kidonge hiki kidogo cha aspirini kila usiku, na utakuja kupimwa presha na mkojo mara nyingi kuliko wenzako. Kichwa kikiuma kisitulie, uso ukivimba, ukiona vimulimuli machoni, usingoje siku ya kliniki. Na mumeo ajue."

Maneno hayo yangetosha kuokoa nyumba nzima. Lakini hayakufika nyumbani. Njiani mama mkwe alisimama kivulini, akamshika mkono.

"Mwanangu, habari hii iishie hapa hapa."

"Mama, mkunga amesema mume wangu ajue."

"Mkunga hakai mtaani kwetu. Mke wa kaka yake mumeo alipoharibu mimba zake, hukusikia walivyotuita? Nyumba ya makaburi. Yule binti akaondoka, sisi tukabaki na jina. Leo wakisikia na wewe damu yako ina kasoro, nyuso zetu tutaziweka wapi? Na mwanangu nitampa wasiwasi wa nini? Wewe unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi. Hivyo vidonge nipe mimi nikuwekee. Ukianza kuumwa nitakupa."

Ndugu zangu, dawa ya kuzuia inawekwa akiba mpaka ugonjwa ufike! Hata sasa nikiyakumbuka maneno hayo nasikia hasira. Na msidhani mama huyu alikuwa mbaya. Alimchotea maji mkwewe, alimfulia, alimkanda miguu jioni. Alimpenda kweli. Ila aliwaogopa watu kuliko alivyouogopa ugonjwa, na Bi Pasi alikuwa amelelewa asimbishie mkubwa mara mbili.

Safari za kliniki nazo zikapunguzwa, eti kwenda kila mara kutawatia watu maswali.

Mimba ikakua, na miguu ya Bi Pasi ikaanza kuvimba. Hapa ndipo roho inaponiuma zaidi. Mumewe, asiyejua lolote, alivichukua viatu vya mkewe, akavilowanisha kwa kitambaa, akaviingiza kalibu ya mbao na kuvitanua. Baada ya muda vikabana tena, akavitanua tena. Mwishowe akamshonea vipya, vipana, vya ngozi laini, akavionyesha kwa kila mteja.

"Fundi, ukiendelea hivi utamshonea mtumbwi," mteja mmoja alimtania.

"Akihitaji mtumbwi nitamshonea," fundi alijibu, na baraza zima likacheka.

Alikuwa na fahari. Kwake miguu ile ilikuwa dalili kwamba mtoto anakua na mke ananawiri. Uso wa Bi Pasi ulipojaa, wanawake walimsifu kwamba mimba imemkubali. Kichwa kilipomuuma, dobi alisema ni joto la pasi, akamsogeza karibu na dirisha. Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kumwambia. Yule mmoja aliyejua sababu ya kweli alikuwa akimpikia uji kimya kimya, na alipoombwa vile vidonge alijibu, "Vumilia kidogo, mimba ya kwanza ndivyo ilivyo."

Siku ya siku, mchana, nilipeleka gunia la mkaa kwa dobi. Bi Pasi alikuwa mezani, anamalizia mashuka. Aliiacha pasi juu ya shuka, akashika tumbo chini ya mbavu.

"Mama mkaa," aliniambia, "mbona naona nyotanyota?"

Kabla sijajibu alianguka. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika wote, povu mdomoni. Ndicho kinachoitwa kifafa cha mimba. Tulimlaza ubavu, dobi akakimbilia barabarani kusimamisha gari, nasi tukampakia hivyo hivyo, harufu ya shuka lililoungua ikitufuata mpaka nje.

Hospitali walimfanyia upasuaji haraka. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Bi Pasi mwenyewe, daktari alisema, damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Fundi na mama yake walikuwa wameitwa mbio, nasi sote tumekaa kwenye benchi la ukumbini, fundi bado amevaa aproni yake ya ngozi, yule mkunga wa kliniki ya hapo hospitali alipotoka wodini na kutukuta.

"Wewe ndiye mumewe? Vile vidonge alikuwa anavimeza?"

"Vidonge gani?"

"Vya kumkinga na presha ya mimba. Majibu yake ya damu yalionyesha hatari. Hukuambiwa?"

Fundi aligeuka polepole kumtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua, baba. Niliogopa watu."

"Watu gani, mama? Nitajie hata mmoja."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Kesho yake Bi Pasi alifariki bila kufumbua macho.

Fundi hakumfukuza mama yake, wala hakumtukana. Alihamia chumba cha uani. Kila asubuhi huja mpaka mlangoni kwake, husema, "Shikamoo mama," husubiri ajibiwe, kisha huenda zake. Neno jingine hampi. Mama ameniambia kwamba angetukanwa angelala usingizi.

FUNZO

Kipimo hiki cha damu si dawa, wala si kila anayeambiwa ana hatari ataugua. Nilimuuliza mkunga, akaniambia huenda Bi Pasi angeugua hata kwa vidonge, lakini tatizo lingeonekana mapema, wakati bado kuna la kufanya. Basi mwenye mimba ya kwanza aende kliniki mapema. Kama kipimo kipo, apime. Kama hakipo, apimwe presha na mkojo kila anapoitwa. Kidonge aanze kwa maagizo ya daktari au mkunga tu, na akishaagizwa, asiwepo wa kumwekea. Majibu yake ni yake, na mumewe ayajue.

Na kwenu mnaoogopa maneno: watu watasema. Walisema pale tulipowazika mama na mwanawe, na wanasema hata leo. Waacheni waseme, mradi mja mzito wenu awe hai kuwasikia.